Pete ya fedha yenye nyota ya pembe sita: je, ni ya Myahudi wa karne ya 13?

*"Assalam alaykum. Naishi Leicester, Uingereza. Kuna mzee anauza vitu vya kale kwenye soko la Jumapili. Amenionyesha pete ya fedha, anasema ni ya Myahudi wa karne ya 13 na iliokotwa kwa mashine ya kutambua madini kwenye shamba huko Lincolnshire. Juu ina nyota ya Daudi, na ndani ya duara kuna herufi tatu nisizozijua. Ya mwisho ni kama koma iliyoning'inia juu. Haina chapa yoyote ya fedha. Kwenye michoro ni nyeusi, kwingine inang'aa. Mizani imesoma gramu 6.2. Anataka pauni 380. Nimempa 50 za kuizuia, na pete ninayo nyumbani mpaka Jumapili ijayo. Bibi yangu Pemba alikuwa na pete yenye nyota hiyohiyo wala hakuwa na nasaba na Wayahudi, ndiyo maana nimechanganyikiwa. Mjomba ananiambia Mwislamu haivai. Je, ni ya kweli? Kukosa chapa si ndiyo dalili ya ukale? Na niisafishe kwa foili na magadi kabla ya kumpelekea sonara?"*

Waalaykum salaam, dada yangu. Maswali yako yote yanaegemea jambo moja, kwamba ile nyota inathibitisha kitu. Haithibitishi. Pete yenye nyota ya pembe sita inaweza kuwa ya Zama za Kati na isiwe na uhusiano wowote na Wayahudi. Inaweza pia kuwa ya Kiyahudi kabisa na imetengenezwa mwaka juzi. Iliyo ya kale kiasi hicho, ya Kiyahudi, ya fedha, tena ya Uingereza, ni adimu mno, na anayedai anayo ndiye wa kuleta ushahidi. Kwa maelezo uliyotoa, ninaelekea kuiona hii kuwa pete ya karne ya 20 au ya miaka hii tuliyonayo. Ila sijaitia mkononi, kwa hiyo nitakueleza unavyoweza kuipima mwenyewe kabla ya Jumapili. Kwa sasa usiisafishe kwa chochote, nitakwambia kwa nini.

Leo mtu akiona pembetatu mbili zilizopishana anawaza Wayahudi papo hapo. Ni kwa sababu ya bendera ya Israel ya 1948 na, kabla yake, ile nyota ya njano ambayo Wanazi waliwalazimisha Wayahudi wa Ujerumani kuishona kwenye nguo kuanzia Septemba 1941. Mtu wa karne ya 13 hakuiona hivyo. Kwake lilikuwa pambo la wote: lilichongwa makanisani, likawekwa kwenye mihuri ya watu wa kawaida, likaandikwa kwenye hirizi za Wakristo, Waislamu na Wayahudi sawia. Wayahudi waliitumia, tena kwa ufundi mkubwa. Msahafu mmoja wa Biblia ya Kiebrania ulionakiliwa Cairo mwaka 1008, ambao sasa uko St Petersburg, una ukurasa mzima uliopambwa kwa nyota hiyo. Lakini haikuwa kitambulisho chao. Safari ya kuwa kitambulisho ilianzia Prague, ambako mapokeo yanasema Mfalme Charles IV aliwaruhusu Wayahudi kuwa na bendera yao mwaka 1354. Mwaka 1656 huko Vienna tunaikuta kwenye jiwe la mpaka, nyota upande wa mtaa wa Wayahudi na msalaba upande wa Wakristo. Ilienea kote katika karne ya 19, na mkutano wa Wazayuni wa Basel mwaka 1897 ukaipa uzito wa kisiasa.

Basi Myahudi wa Uingereza wa karne ya 13 alitambulishwa kwa alama gani? Hapa ndipo hadithi ya muuzaji wako inapoanza kuyumba. Kwa sheria ya mwaka 1275, Mfalme Edward I aliagiza kila Myahudi aliyezidi miaka saba avae kifuani kitambaa cha njano chenye umbo la vibao viwili vya Amri Kumi, urefu inchi sita na upana inchi tatu. Ufaransa walivalishwa duara. Ujerumani alama yao ilikuwa kofia yenye ncha, na ndiyo inayochorwa hata kwenye mihuri ya Wayahudi wenyewe. Alama yao ya kale kuliko zote ni kile kinara cha matawi saba cha hekaluni, ambacho kiko kwenye sarafu za Yerusalemu tangu karne ya kwanza kabla ya Kristo. Pete ya karne ya 13 yenye kinara, au yenye kofia na jina la Kiebrania, ingenifanya nikae wima. Nyota peke yake hapana.

Tusimwonee muuzaji lakini. Lincoln ilikuwa na jamii kubwa ya Wayahudi. Aaron wa Lincoln, aliyefariki mwaka 1186, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi nzima. Kwa hiyo Mlincolnshire akisema shamba lake limetoa kitu cha Kiyahudi, haiwi ndoto moja kwa moja. Tatizo ni kwamba dirisha ni jembamba: walikuja baada ya 1066, wakafukuzwa wote mwaka 1290, na hawakuishi tena waziwazi nchini humo hadi 1656. Vitu vyao vilivyobaki ni vya kuhesabu, na vinatambulika kwa maandishi. Kuna bakuli la shaba lililopatikana Norfolk mwishoni mwa karne ya 17, leo liko Ashmolean Museum mjini Oxford. Tunajua ni la Wayahudi kwa sababu limezungushiwa maandishi ya Kiebrania.

Hata hayo maandishi yana mtego wake. Wakristo wa Zama za Kati walipenda sana maneno yenye asili ya Kiebrania kwenye hirizi zao. Pete na bizimu nyingi za wakati huo zina herufi AGLA, ambazo ni vifupisho vya sala ya Kiebrania, zimeandikwa kwa herufi za Kilatini na kuvaliwa na Wakristo kama kinga ya homa na ya kifo cha ghafla. Kidani cha dhahabu cha Middleham, kilichookotwa Yorkshire mwaka 1985, kina neno linalosimama badala ya jina la Mungu la Kiebrania, na papo hapo kimechorwa Utatu Mtakatifu.

Sasa pete ya bibi. Nyota ileile, katika ulimwengu wa Kiislamu, ni muhuri wa Nabii Suleimani, na iko kila mahali: kwenye sarafu za Morocco za karne ya 19, kwenye kuta za kaburi la mfalme Humayun huko Delhi, kwenye makaratasi ya waganga wa pwani yetu. Huko Yemen wafua fedha wengi walikuwa Wayahudi wakiwatengenezea Waislamu, mpaka karibu wote walipohamia Israel mwaka 1949 na 1950. Fedha ya vito vingi vya Oman na Yemen ilitoka kwenye sarafu za Maria Theresa zilizoyeyushwa, riale zilezile zilizozunguka Zanzibar, ambazo ni sehemu 833 za fedha katika 1000. Pete ya bibi yako ina uwezekano mkubwa wa kuwa katika ukoo huo. Itunze; pengine ina thamani kuliko hii unayouziwa. Kwa kauli ya mjomba, hukumu ya kidini ni ya shekhe wenu, siyo yangu. Kihistoria ninachoweza kusema ni kwamba Waislamu wameivaa nyota hii kwa karne nyingi, ingawa mtaani Leicester leo watu hawataisoma kama muhuri wa Suleimani.

Turudi kwenye pete yenyewe. Pete za Kiyahudi za Zama za Kati ambazo hakuna anayezibishia ni chache, na zile maarufu ni za dhahabu. Moja ilitoka Colmar, Ufaransa, mwaka 1863, ikiwa imefichwa ndani ya ukuta wa nyumba katika mtaa wa Wayahudi. Nyingine ilitoka Erfurt, Ujerumani, mwaka 1998, pamoja na sarafu za fedha zaidi ya 3,000. Zote mbili zilifichwa wakati wa tauni ya 1348 na 1349, Wayahudi walipokuwa wakiuawa kwa kusingiziwa kwamba wametia sumu visimani. Ukiitazama pete ya Erfurt kwa karibu huioni nyota. Unaona kijumba: mnara mdogo wa Kigothi wenye madirisha, paa lake limechongwa herufi za Kiebrania za "mazal tov", na ndani ya mnara kuna kigololi kidogo cha dhahabu kinacholia mkono ukitikisika. Pete zote mbili hazina vito juu yake, na hilo linaendana na desturi. Ndoa ya Kiyahudi hufungwa kwa pete ambayo bibi harusi aweze kujua thamani yake bila kudanganywa na jiwe, na kauli hiyo inanasibishwa na Rabenu Tam, mwanazuoni wa Ufaransa wa karne ya 12.

Nimeyasema haya kwa sababu sokoni zipo pete nyingi za vijumba, za fedha na za shaba iliyopakwa dhahabu, zinazoitwa za Zama za Kati. Karne ya 19 wakusanyaji wa Ulaya walizitaka kwa hamu, na mafundi wakawatengenezea. Hata makumbusho makubwa yanazitilia shaka baadhi ya zile zilizo kwenye makabati yao. Yako si ya kijumba, lakini soko lililoizaa linaweza kuwa lilelile.

Herufi tatu ndizo zinazonivutia zaidi katika barua yako. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ile inayofanana na koma ni yod, na yod daima huning'inia kwenye mstari wa juu. Ukiiona imekaa chini, basi umeishika pete kichwa chini miguu juu. Ikae upande wa kushoto wa zile mbili. Sasa tazama ya kulia kabisa. Ikiwa ina meno matatu yanayoelekea juu kama uma, ni shin, na ya katikati ikiwa kama pembe ya fremu ya picha, yaani mstari wa juu na mguu mmoja upande wa kulia, ni dalet. Hapo neno ni Shaddai, moja ya majina ya Mungu, linalowekwa kwenye hirizi za Kiyahudi za kale na za jana; halitakusaidia kujua umri. Lakini ikiwa ya kulia ni kijiti chenye mguu mdogo uliotokeza kushoto, na ya katikati ni kama msumari wenye kichwa, basi unasoma gimel, zayin, yod. Ni kifupisho cha maneno yanayomaanisha "hata hili litapita", yanayonasibishwa na hadithi ya pete ya Mfalme Suleimani. Pete za fedha zenye herufi hizo tatu zinauzwa kwa wingi kwa watalii Yerusalemu na mitandaoni. Ukizikuta hizo, suala la karne ya 13 tulifunge.

Tazama na sura ya herufi. Zikiwa na unene sawasawa na zimepangwa kama chapa ya kitabu, zimetoka kwenye mashine. Fundi wa kale alikata kwa mkono, mistari ya kulala minene na ya kusimama myembamba, na nafasi kati ya herufi hazilingani. Kama pete ingekuwa ya kugonga muhuri, maandishi yangekatwa kinyumenyume ili yasomeke sawa kwenye nta. Usiigandamize kwenye nta wala udongo kujaribu. Ipige picha na simu, kisha igeuze picha.

Kuhusu chapa, hapa umeingia kwenye kosa wanaloingia wengi. Sheria ya Uingereza ya 1973 inalazimisha chapa kwenye vitu vya fedha vinavyozidi gramu 7.78 tu. Pete yako ya gramu 6.2 ingeweza kutengenezwa Birmingham mwezi uliopita na kuuzwa kihalali bila chapa hata moja. Kinyume chake kina nguvu: ungekuta "925", yaani sehemu 925 za fedha katika 1000, hiyo ni namna ya karne ya 20 na kuendelea, na kesi ingekwisha. Kukosa chapa hakukwambii kitu.

Kipimo cha kwanza cha nyumbani ni uzito ndani ya maji. Hiki kinakubalika ikiwa pete haina ufa, haina jiwe lililogandishwa kwa gundi, wala udongo uliokauka ndani ya michoro. Ikiwa navyo, acha. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka 0.01 ya gramu. Ya jikoni inayosoma gramu nzima, au hata 0.1, haifai kabisa kwa kitu chepesi hivi. Pima pete kavu, uandike. Weka kikombe chepesi cha maji juu ya mizani, tia tone moja la sabuni ya vyombo ili vipovu visishike, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga pete kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji huku ukiishikilia kwa uzi, isiguse chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Gramu 6.20 za fedha ya kawaida ya vito zitakupa kama 0.60, na jibu ni 10.3. Ukipata 0.72, jibu ni 8.6, na hiyo ni shaba njano au ile aloi nyeupe ya shaba na nikeli inayoitwa "fedha ya Kijerumani" ingawa haina fedha ndani yake. Ukipata 0.85, ni bati. Kosa kubwa ni kipovu kilichojificha chini ya uso wa pete: kinaongeza namba, na fedha halisi inaonekana kama shaba. Kwa hiyo rudia mara tatu, ukiitikisa pete ndani ya maji kila mara. Na usitarajie kipimo hiki kitenganishe fedha ya 925 na ya 800, kwa sababu tofauti yao kwenye mizani ni 0.01 tu. Zaidi ya hapo, kuwa fedha si kuwa ya kale. Kipimo hiki kazi yake ni kukuokoa na pete isiyo fedha kabisa.

Kisha chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara kumi na ukae dirishani mchana. Angalia ndani ya mistari ya nyota. Mfereji uliokatwa kwa tindo una umbo la V, kuta zake zinang'aa, na mwisho wa kila mstari unachongoka pale chombo kilipoinuliwa. Mara nyingi fundi amepitiliza kidogo kwenye pembe. Pete iliyosubiwa kwenye kalibu ina pembe za mviringo na vitundu au vipunje vidogo kwenye kina cha mchoro. Kuchora kwa leza huacha mfereji wa kina kimoja kila mahali na sakafu yenye chembechembe. Kusubu peke yake si hoja ya upya, kwani mafundi wa kale nao walisubu. Leza ni hoja.

Halafu tafuta uchakavu, na uutafute mahali unapostahili kuwa. Pete iliyovaliwa miaka mingi hukonda chini, upande wa kiganja, na kingo za uso wake huwa zimelainika. Kama weusi umejaa kwenye michoro lakini kingo za michoro hiyo bado ni kali kiasi cha kukwaruza ukucha, pete hiyo haijavaliwa. Mafundi hupaka fedha mpya mchanganyiko wa potasiamu na salfa, inakuwa nyeusi yote kwa dakika chache, kisha wanang'arisha sehemu zilizoinuka. Matokeo yake ni hasa ulichonieleza: nyeusi kwenye michoro, inang'aa kwingine. Si udanganyifu kwa yenyewe, ni urembo wa kawaida, mpaka mtu aitie karne.

Fedha iliyolala shambani miaka 700 ina sura nyingine kabisa. Weusi wa kabatini ni salfa ya hewani ikiungana na fedha. Ardhini chumvi hufanya kazi zaidi, na fedha hufunikwa na tabaka la kijivu, wakati mwingine lenye wekundu wa zambarau, laini kama nta. Shaba iliyochanganywa ndani yake hutoka taratibu na kuacha vidoa vya kijani. Wakati huohuo, ndani ya metali, shaba na risasi kidogo hujikusanya kwenye mipaka ya chembe za fedha, na fedha inapoteza unyumbufu. Ndiyo maana pete za kale za shambani huvunjika zikikunjwa kidogo tu, na nyingi hutoka zimepondwa na majembe ya trekta. Pete ya duara kamili, laini, inayong'aa, iliyotoka kwenye shamba linalolimwa kila mwaka? Ingewezekana kama imekarabatiwa na mtaalamu, na hapo pangekuwa na karatasi.

Sasa foili na magadi. Njia hiyo inafanya kazi kweli: alumini inachukua salfa na kuirudisha fedha kuwa fedha. Kwa vijiko vya nyumbani sina neno. Kwenye pete unayotaka kuipima, inafuta weusi wote, wa asili na wa kupakwa, na kwa hivyo inafuta ushahidi. Ikiwa kuna tabaka la ardhini, inaacha uso uliofifia na wenye vinyweleo, na pakiwa na ufa maji ya chumvi yanaingia humo. Dawa ya meno inakwaruza. Ndimu na siki zinakula shaba iliyomo ndani ya fedha. Tindikali ya kupimia ya masonara inaacha doa, kwa hiyo mwambie sonara wako mapema kwamba hutaki iguswe na tindikali, wala isikunjwe, wala isipanuliwe ili ikutoshe. Kwa sasa iweke kwenye mfuko safi wa plastiki wenye zipu, mbali na raba na nguo za sufi, maana vyote viwili hutoa salfa.

Watu huniuliza kama haiwezi kupimwa umri maabara. Kaboni hupima vitu vilivyowahi kuwa hai, fedha haimo. Kinachowezekana ni mashine ya eksirei ya kupima metali bila kuikwaruza, na ofisi za kupima madini ya thamani za London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh zinayo. Haitoi mwaka, inatoa viambato, na viambato vinasema mengi. Fedha ya kale ilisafishwa kwa tanuri la risasi, hivyo hubaki na dhahabu kidogo na risasi kidogo. Tangu miaka ya 1880 fedha husafishwa kwa umeme na hutoka safi kupita kiasi. Pete isiyo na hata chembe ya dhahabu wala risasi inanukia upya. Kadimiamu kwenye sehemu iliyolehemiwa, au ganda la rodiamu juu yake, ni vitu vya viwandani. Mwombe mpimaji apime pia upande wa ndani na kwenye lehemu, maana usoni shaba hutoka na kipimo cha uso kinaweza kuipandisha fedha kuliko ilivyo moyoni.

Lipo jambo la sheria, nalo linamhusu zaidi muuzaji. Kwa sheria ya hazina ya 1996, iliyoanza kutumika Septemba 1997, kitu chenye miaka 300 au zaidi na chenye angalau asilimia 10 ya fedha au dhahabu, kikiokotwa Uingereza, ni lazima kiripotiwe kwa coroner, ofisa wa serikali anayechunguza vifo na hazina, ndani ya siku 14. Pete moja inatosha. Kwa hiyo mwulize mambo matatu: iliokotwa mwaka gani, mwenye shamba aliridhia, na namba ya kumbukumbu yake ni ipi. Kitu kilichoripotiwa, kisha serikali ikaamua kutokichukua hurudi kwa aliyekiokota kikiwa na karatasi zake. Akisema iliokotwa baada ya 1997 na haina namba, basi ama hadithi ni ya uongo, au ni ya kweli na pete hiyo haikupaswa kuuzwa. Katika hali zote mbili wewe usiwe mnunuzi. Akikwambia "ni ya zamani, kabla ya sheria", mwombe aandike hivyo.

Unayo njia tatu, na nitasema ninayoipenda. Unaweza kuirudisha Jumapili na kudai pauni 50 zako. Kama yeye ni mfanyabiashara, kitu alichokuuzia lazima kilingane na maelezo yake, na sheria ya walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukikataa kisipolingana. Ofisi ya Citizens Advice itakusaidia bila malipo. Unaweza pia kuinunua kama pete nzuri tu ya fedha, kwa bei ya pete ya fedha, ambayo haikaribii 380. Ya tatu ni kumwomba muda ili ipimwe kabla hujalipa zaidi. Ningeanza na hii ya tatu. Akikataa, nenda kwenye ya kwanza bila kubishana naye.

Wa kumwendea kwanza ni ofisa wa eneo lako wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na raia. Mara nyingi anakaa makumbusho, na hatozi chochote kwa kuitazama na kukuambia ni ya wakati gani. Anaona pete za shambani kila wiki, kwa hiyo ataitambua kwa haraka kuliko sonara wa mtaani, ambaye ujuzi wake ni thamani ya metali. Kwa herufi, tuma picha tatu kwenye makumbusho ya Kiyahudi au idara ya Kiebrania ya chuo: uso wa pete, ndani ya duara herufi zikiwa zimesimama sawa, na ubavuni, na kila picha iwe na rula pembeni. Usitaje bei wala hadithi ya Lincolnshire mpaka wajibu. Ukimweleza mtaalamu unachotumaini, unampa kazi ya kukutuliza badala ya kazi ya kutazama.

Na risiti ya zile pauni 50, kama hukuipata, idai kabla ya mazungumzo mengine. Iandikwe jina la muuzaji na anwani, tarehe, uzito wa gramu 6.2, na maneno yake mwenyewe: "pete ya fedha, ya Kiyahudi, karne ya 13, imeokotwa Lincolnshire." Akisita kuandika neno lolote kati ya hayo, usimlipe hizo 330 zilizobaki.